Uliniuliza Mayai Tu

Wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani
9 Februari

Mama, shikamoo.

Barua hii anakuletea mwanao mwenyewe, pamoja na Hakimu na Bonge. Atawashusha na kuondoka siku hiyohiyo, maana wanafunga lifti za jengo la ghorofa ishirini na msimamizi wao hajui neno mgonjwa. Mimi daktari amenikataza kunyanyuka. Mimba ina miezi mitano na mlango wa kizazi umeanza kulegea. Naruhusiwa kwenda msalani na kurudi. Nitalala hapa mpaka nijifungue, na najua kukuachia watoto wawili kwa miezi minne si jambo dogo. Ahsante.

Ningependa tuongee, lakini simu uliigawa, kwa hiyo tutaandikiana. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kuwa tarishi wetu.

Suala la chakula tumelizungumza mara nyingi, na kila mara limeishia kwa mmoja wetu kwenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Sasa naliandika ili lisiwe na ubishi. Wanangu hawali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Asubuhi uji wenye karanga zilizosagwa na ufuta. Mchana na jioni wali au chochote cha nafaka, na maharage au kunde au dengu au choroko, kikombe kizima kwa kila mmoja, si kijiko cha kupambia sahani. Mboga za majani kila siku na chungwa pembeni. Bonge mpe na parachichi, tumbo lake ni dogo na linajaa uji kabla hajashiba. Maziwa ya soya nimefungasha pakiti kumi na nne, yakiisha baba yao atatuma mengine.

Mama, naomba unisikie kwenye mayai. Yai ni yai hata likiwa ndani ya keki. Yai ni yai hata kama limetagwa na kuku unayemjua tabia. Najua uani kwako yanaokotwa kama embe. Hapana hata moja, hata la kuonja, hata Bonge akililia.

Mfuko wa pembeni kuna kichupa cha matone, Bonge matano na Hakimu kumi kila asubuhi.

Mkweo,
Mama Hakimu


Nyumbani
17 Februari

Mama Hakimu,

Marahaba. Wamefika salama. Hakimu kabla hajaweka begi chini aliniuliza kama kisu changu cha jikoni kimewahi kukata nyama. Nikamwambia mjukuu wangu, kisu hiki kimemkata hata babu yako kidole. Akatafakari, akatoa hukumu: tununue kingine. Tumenunua. Sasa naelewa kwa nini mnamwita Hakimu. Binti wa miaka minane, na mimi wa sitini na nane nasimama mbele yake kama mshtakiwa.

Nitakuambia ukweli kwa sababu sijui kuusuka. Sikubaliani nawe. Nina kuku hamsini na wawili. Mume wako amekua kwa mayai yao na leo anapandisha watu ghorofani. Mtoto wa miaka miwili kunyimwa yai na bibi yake mwenye banda zima ni kitu ambacho ningesimuliwa ningesema ni uongo.

Lakini mtoto mwenye mama hai halelewi kwa kauli ya bibi. Umesema hapana mayai, basi hapana mayai. Orodha yako nimeibandika juu ya jiko kwa unga wa ngano.

Wewe lala. Usihesabu siku, zinasikia na zinapunguza mwendo.

Bibi yao


Wodini
28 Februari

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kwamba wanakula vizuri. Hapa hakuna habari. Dari lina vigae arobaini na nane, kimoja kimevimba kwa maji, na mimi na jirani yangu, fundi cherehani anayesubiri pacha, tunabishana kitaanguka juu ya nani. Presha yangu imepanda kidogo. Daktari anasema nisijisumbue mawazo, kana kwamba mawazo hubisha hodi.

Umeandika hapana mayai na nimekusoma. Ila nisipouliza sitalala. Biskuti za dukani zina mayai. Mikate laini ina maziwa. Majirani zako ni wema, na wema wao ndio unaonitisha, maana hakuna mtu mzima anayeona mtoto bila kumtilia kitu mdomoni. Wakikuuliza kwa nini hawali, usiseme "mama yao ndiye anataka hivyo" kwa ile sauti. Unaijua sauti ninayoisema.

Nijibu hili moja tu: hawajaonja yai?

Mama Hakimu


Nyumbani
11 Machi

Mama Hakimu,

Hawajaonja.

Muuza duka alimpa Hakimu biskuti. Hakimu akamrudishia amsomee maandishi ya nyuma ya pakiti. Mzee wa watu akavaa miwani, akasoma yote mpaka anwani ya kiwanda, foleni ikafika barabarani. Alipofika kwenye unga wa mayai mtoto akamwambia ahsante, hapana. Sasa akituona tunakuja anaficha biskuti chini ya kaunta kama za magendo. Mlinzi kama huyu unaye na bado unaniuliza mimi.

Na ile sauti siijui. Mimi nina sauti moja.

Bonge hajambo. Soya imebaki pakiti tatu.

Bibi yao


Kwa Bibi
29 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimekuwa wa nne darasani lakini wa tatu alinakili kwangu.

Kuku mmoja amenizoea, nimemwambia asitage, hanisikii.

Nataka kukuambia jambo na Bibi amesema nisikuandikie, kwa hiyo barua hii nimempa kondakta mwenyewe. Kila asubuhi Bibi anamchukua Bonge jikoni anafunga mlango na komeo. Wanakaa huko sana. Mimi nanyweshwa uji nje kwenye kibao. Nikigonga Bibi anasema subiri Hakimu, usiingie. Nimesikia kijiko kwenye bakuli. Nilimuuliza unampa nini akasema anampa chakula. Nikamuuliza chakula gani akasema wewe nenda shule.

Mimi sishtaki, natoa taarifa.

Mtoto tumboni msalimie.

Mwanao,
Hakimu


Wodini
2 Aprili

Mama,

Nimejizuia siku nzima nisiandike, nimeshindwa.

Nimejua kinachofanyika jikoni kwako asubuhi, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Usimlaumu Hakimu. Mlaumu mtu aliyemfundisha mtoto wa miaka minane kumficha mama yake jambo.

Nilikuuliza mara ngapi? Ungeniambia huwezi ningetafuta pengine pa kuwapeleka. Ungeniambia moyo wako unakataa ningekuelewa, kwa sababu angalau ungekuwa wa kweli. Umenijibu "hawajaonja", neno moja, kavu, na mimi mjinga nikalala usingizi kwa neno hilo. Kumbe yai linapondwa kwenye bakuli, analishwa mtoto ambaye hajui kusema.

Miaka tisa nimekuwa kwenu na miaka tisa mimi ni yule mke mwenye mambo yake. Nimezoea. Nilichokuwa sijui ni kwamba unaweza kunitazama machoni, hata kwa karatasi, ukanidanganya.

Nimefungwa hapa kama mzigo. Siwezi hata kutembea mpaka getini nikapanda basi. Ulijua hilo.

Sitaki maelezo. Nataka uache.

Mkweo


Wodini
15 Aprili

Mama,

Siku kumi na tatu hujajibu. Nimemuuliza kondakta, anasema barua alikukabidhi mkononi, na kwamba wiki iliyopita mlango wako ulikuwa umefungwa siku tatu, kuku wanalishwa na jirani.

Mko wapi? Kama umekasirika kasirika, lakini niandikie wanangu wako wapi.

Mama Hakimu


Nyumbani
21 Aprili

Mama Hakimu,

Barua zako mbili ninazo. Nimekaa nazo kwanza, maana nilichotaka kuandika mwanzoni kisingefaa kusomwa na mjamzito.

Tulikuwa hospitali. Bonge alilazwa siku tatu. Ametoka, yuko hapa miguuni pangu, anachana gazeti. Tulia kwanza, kisha endelea kusoma.

Ilianza katikati ya Machi. Mtoto alianza kukataa chakula. Hakulia, aligeuza uso tu. Akawa mwepesi, midomo myeupe, analala mchana kutwa. Nikadhani ni meno, nikadhani anakukumbuka. Nikagundua kwamba tukiwa wawili tu, pasipo mtu wa kumtazama, anakula. Basi nikawa nafunga mlango. Saa nzima kwa nusu bakuli la maharage yaliyopondwa na parachichi, namwimbia, natambaa, nimekuwa paka, nimekuwa pikipiki, na magoti yangu haya. Hicho ndicho kijiko alichokisikia binti yako. Nilimkataza kukuandikia kwa sababu mume wako aliniambia presha yako ikipanda mtoto wa tumboni yuko hatarini. Nilikosea, maana mtoto akifichwa jambo anajaza pengo mwenyewe, na mama yake naye anajaza.

Tarehe nane nilimsimamisha uani, magoti yakakunjika kama miguu ya kiti kibovu. Nikamsimamisha tena, yakakunjika. Nikambeba mgongoni mpaka hospitali, Hakimu nyuma yangu na begi.

Daktari ni msichana mdogo, anaweza kuwa mwanangu wa mwisho. Akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamsomea orodha yako yote kwa kichwa, na kwa fahari, maana sijavunja hata mstari. Akasema, "Vizuri sana, Bibi. Na vitamini B12 anapewa nini?" Nikasema ndiyo nini hiyo. Akasema, "Watoto wasiokula kitu cha mnyama lazima wapewe pembeni, mimea haina. Kuna matone yoyote?" Nikamwambia yapo. Yako wapi? Nyumbani, nyuma ya kopo la chumvi. Tangu lini? Tangu siku ya nne.

Ndiyo. Niliyaacha. Bonge aliyatema, siku ya nne akaharisha, nikasema mtoto mzima hanyweshwi dawa. Nilidhani ni yale mambo ya mjini ya kunywesha watoto vitu ili mfuko wa mama uonekane umejaa. Nimekosa, na nitakufa nikijua kwamba miguu ile ilikunjika kwa mkono wangu.

Lakini daktari aliomba kadi ya kliniki. Hakimu akaitoa kwenye begi. Daktari akaisoma, akanitazama, akasema, "Bibi, hii si mara ya kwanza. Juni mwaka jana alipimwa akakutwa na upungufu huuhuu, akachomwa sindano. Mama yake aliambiwa matone haya yasikose hata siku moja."

Juni mwaka jana, Mama Hakimu. Mlikuja hapa Julai. Nilimpakata. Nikakuuliza mbona mtoto amepoa, ukanijibu ni safari.

Nimezisoma barua zako zote upya. Yai, yai, yai. Matone umeyaandika mara moja, chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka kuaga akiwa ameshafika mlangoni. Hukuandika kwa nini. Ungeandika "mwanangu aliwahi kuugua, asipopewa atashindwa kusimama", ningeyanywesha hata kwa kumkalia. Uliniuliza mayai tu, na mayai sikumpa. Hata moja. Hata alipokuwa anazimika mikononi mwangu na banda liko hatua kumi, nikasema nimetoa neno.

Kwa hiyo uliyoyaandika tarehe mbili yachukue mwenyewe, mimi sina pa kuyaweka.

Mama mkwe wako


Wodini
26 Aprili

Mama,

Nimeisoma kisha nikampa fundi cherehani anisomee tena, kwa sababu nilifika kwenye magoti nikashindwa kuona.

Nisamehe. Sina neno jingine la kuanzia.

Ni kweli kuhusu Juni. Nilipokuwa nanyonyesha daktari aliniambia na mimi nimeze B12, maana maziwa yangu hayatakuwa nayo kama mimi sina. Nilimeza miezi miwili nikaacha. Sikusahau, niliacha. Kila nilipokishika kile kidonge nilisikia watu wote wakinicheka: hicho chakula chako safi mbona kina tundu la kuziba kwa dawa? Nikajisomea mahali kwamba mwili una akiba. Akiba yangu ikaisha kwa Bonge. Alipochomwa sindano nililia kliniki mpaka nesi akanipa kiti chake. Halafu tukaja kwako Julai, ukauliza mbona amepoa, nikaona nikikuambia nimekupa fimbo ya kunichapia maisha yangu yote. Nikasema safari. Nilitaka kukushinda wewe, na aliyelipa ni mtoto.

Na kuna jingine ambalo ungelijua usingeniona mtu wa mambo yake.

Uliwahi kuniuliza nilifanya kazi gani kabla ya Hakimu, nikasema ofisini. Sikuwa ofisini. Nilikuwa kiwanda cha kutotoa vifaranga, miaka mitatu. Unasimama kwenye mkanda, vifaranga wa siku moja wanakuja. Unashika, unafungua ubawa, unatazama. Jike kulia, dume kushoto. Sekunde mbili. Majike wanafungwa kwenye maboksi wanakwenda kwa wafugaji. Madume hawatagi, na kwa aina ile hawana nyama ya maana. Wanaingia kwenye bomba, na mwisho wa bomba kuna mashine. Sitaandika zaidi, una wanangu nyumbani. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, walinipa cheti. Asubuhi niliyojua nina mimba ya Hakimu nilishika kifaranga kimoja, kina joto, kinapiga kelele, nikashindwa kukiweka upande wowote. Mkanda ukajaa. Msimamizi akaja akakiweka yeye.

Sikukuambia kwa sababu una kuku hamsini na wawili na unawapenda, na huenda walitoka mkono wangu wa kulia. Sikutaka uwaangalie ukaona kushoto.

Hii haiondoi kosa langu. Nimekuandikia kwa sababu nimechoka kuwa mjinga kwa siri. Matone nimeshaanza kumeza na mimi, mbele ya nesi, kila asubuhi. Niambie Bonge anasimama.

Mama Hakimu


Nyumbani
12 Mei

Mama Hakimu,

Bonge anasimama. Anashika ukuta, anakwenda mpaka mlangoni, anakaa, anacheka. Daktari anasema sindano zimeingia vizuri na matone yaendelee. Nayachanganya kwenye uji, hatemi tena. Kila siku nikishampa naweka alama ukutani kwa mkaa, na Hakimu anakagua. Nilimuuliza daktari kama nimpe na yai. Akasema akipewa matone na orodha yako hahitaji yai, asipopewa matone hakuna maharage yatakayomwokoa. Nimekuandikia kwa sababu ni haki yako kujua, ingawa sikupenda kulisikia.

Habari ya kiwanda nimeisoma. Siku hiyo sikuokota mayai mpaka jioni. Sijui nikuambie nini. Nina miaka arobaini ya kununua maboksi ya vifaranga na sikuwahi kujiuliza mbona wote ni majike. Bado ninao hamsini na wawili, na bado nauza mayai, nisikudanganye. Hasira yangu nayo bado ipo, imepungua tu. Ungeniambia mwaka wa kwanza, tungegombana mara moja tukamaliza.

Sasa sikiliza. Hakimu hajawa sawa tangu hospitali. Alimwona ndugu yake anakunjika. Anaamka anajipima miguu, anaruka mara kumi kabla ya kuvaa. Juzi akaja jikoni, akasimama vizuri, mikono nyuma, akasema, "Bibi, naomba yai. Moja. Lililochemshwa."

Nikamwambia una matone kumi kila siku, miguu yako ni mizima. Akasema, "Najua. Naogopa tu." Nikamwambia mama yako hataki. Akasema, "Muulize. Mimi nitasubiri."

Nikauliza kama akila atakuwa anakukosea. Akafikiri sana, akasema hajui, ndiyo maana anataka uulizwe wewe.

Ningempa nisikuambie, ungejuaje? Ningemkatalia, nani angenilaumu? Sina ubavu wa lolote kati ya hayo. Baada ya tuliyopitia, neno hili ni lako. Kuku wanataga kila siku, yeye hayagusi, na kila basi likipita anakwenda kutazama kama kuna barua.

Bibi yao


Wodini
16 Mei

Mama, shikamoo.

Nimechana karatasi nne. Ya kwanza niliandika hapana na sababu kurasa mbili. Ya pili niliandika asubiri nirudi. Fundi cherehani akaniuliza, "Ukirudi utamwambia nini ambacho hakipo kwenye hizo kurasa?" Nikaichana na hiyo. Pacha wake wanalia kuliko honi za barabarani lakini kichwa chake kinafanya kazi.

Sikubali kwamba analihitaji. Nataka hilo liandikwe. Angekuja kwangu ningemkalisha, ningemwonyesha miguu yangu mwenyewe, ningemweleza vitamini zote kwa majina. Pengine angekubali, kwa kuwa ni mtoto na mimi ni mama. Lakini orodha yangu niliiandika nikibishana na watu wazima, hofu ya mtoto haikuwemo, na siwezi kuitibu nikiwa nimelala chali kilomita mia mbili. Nimeudhika, Mama. Nimeudhiwa na mimi mwenyewe, na wewe kidogo, na huyo kuku.

Habari ya kiwanda usimwambie. Hiyo ni yangu, nitamwambia akikua, na aamue tena.

Mpe.

Asipolipenda usimshawishi. Akilipenda, usinisimulie. Niandikie kwamba amekula au hakula, basi.

Mama Hakimu


Nyumbani
19 Mei

Mkwe wangu,

Amekula nusu.

Bibi yao